Kichwa cha Kungu

Samaki yule nilimleta mwenyewe kutoka Tanga, na nikampika mwenyewe. Nayasema yote mawili mapema kwa sababu kila nikiisimulia habari hii mtu hunikatiza katikati aniulize, "Sasa aliyempika ni nani?" na hasira zinanipanda upya kana kwamba ni jana. Aliyempika ni mimi. Kwa tui la nazi, kwa ndimu, na kwa bizari niliyoitoa jikoni kwangu.

Nafundisha baiolojia katika shule ya kata huku milimani, juu ya mji wa Lushoto, ambako asubuhi ukungu unaingia darasani bila hodi na watoto wanaandika kwa mkono mmoja huku mwingine wameuficha kwapani. Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Nilipopangiwa huku nililia wiki nzima, kisha nikazoea, na leo nikishuka hadi Mombo tu joto linanishinda. Nasema haya mtu asije akadhani nawadharau watu wa huku. Nimekaa nao, nimezikana nao, na Kishambaa nakisikia hata wanaponisengenya. Ninaowasema hapa ni wakubwa wachache wa siku moja, na mimi ni mmoja wao.

Kwa miaka mingi nilifundisha samaki kwa chaki. Nilimchora ubaoni, nikamwekea mapezi, nikachora mshale kwenye kila pezi. Mikono yangu haijui kuchora, na samaki wangu alikuwa kandambili yenye jicho. Watoto wa huku ukiwauliza habari za kinyonga watakueleza mpaka uchoke: yupi ana pembe, yupi anakaa kwenye miti ya msituni tu, yupi akiudhiwa anakuwa mweusi. Lakini samaki kwao ni dagaa, na ng'onda waliopasuliwa na kukaushwa, ambao wakifika sokoni wameshapoteza sura. Siku moja msichana wa kidato cha pili alinyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, dagaa akikua anakuwa nani?"

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Nilipotoka nje nikaona haya. Lile lilikuwa swali zuri kuliko majibu yote niliyokuwa nimewapa mwaka ule, na mimi nililijibu kwa meno nje.

Msichana huyo alikuwa akitoka nyumba ya mwisho kule bondeni. Kila asubuhi alipanda mlima mzima kuja shule na viatu mkononi, akafika, akanawa miguu bombani, ndipo akavivaa. Baba yake alikuwa mkulima wa kabichi na plamu. Hakuwa mtoto wa maneno mengi ila alikuwa na mkono. Nilimpa panzi ampasue kwa wembe, akampasua kwa usafi ambao mimi mwenyewe chuoni sikuwa nao, akayapanga matumbo ya panzi kwenye karatasi kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Nikamuuliza anataka kuwa nani. Akasema nesi. Alipofika kidato cha tatu akachagua mchepuo wa sayansi, yeye na wenzake kumi.

Ndipo tukapata taarifa kwamba mkaguzi anakuja kuitazama maabara yetu. Maabara yenyewe lilikuwa darasa la kawaida lenye meza ndefu tatu, hadubini moja, na kabati la chupa: kinyonga ndani ya spiriti, panzi, na mnyoo ambaye hakuna anayekumbuka nani alimleta. Maabara ikipita, mchepuo wa sayansi ungebaki. Isipopita, wale kumi na mmoja wangehamishiwa masomo ya sanaa, na anayetaka sayansi akaitafute kwingine. Huko kwingine kwa karibu ni shule ya bweni, na baba wa msichana yule alikuwa ameshasema wazi kwenye mkutano wa wazazi kwamba binti yake halali nje ya nyumba yake. Kwa hiyo kwa mtoto yule ilikuwa maabara ile au basi.

Katika vitu ambavyo mkaguzi angevitafuta, kimoja kilikuwa sampuli mbichi ya mnyama, ya wanafunzi kupasua mbele yake. Mkuu wa shule aliniambia, "Mwalimu, si ulete chura tu?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba nitaleta samaki. Laiti ningemsikiliza! Chura asingepata mtu wa kumla.

Lakini mimi nilikuwa na deni la swali. Nilitaka watoto wale waone samaki ambaye si dagaa na hatakuwa dagaa kamwe. Jumamosi nikashuka Tanga kwa mjomba wangu, ambaye ni dalali wa samaki na amekaa na samaki mpaka ngozi yake imeshika harufu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Nikupe nini leo?"

"Nataka samaki mkubwa, mwenye meno."

Akacheka, akafunua gunia lililoloweshwa maji, akanionyesha kungu. Nimezaliwa pwani na nimekula kungu maisha yangu yote, lakini mkubwa wa namna ile nilikuwa sijamuona kwa karibu. Urefu wake ulikuwa sawa na mkono wangu tangu begani hadi kwenye kucha, mwekundu aliyekolea, mgongo umekuwa wa kahawia, kifua kipana, na mbele ya jicho ana mfereji unaoshuka hadi puani unaomfanya aonekane mtu aliyekasirika tangu azaliwe. Nikamfunua mdomo. Meno ya mbele yalikuwa meno ya mbwa. Mjomba akasema huyu ndiye mwizi mkubwa wa miambani, ukimvua samaki mwingine kwa mshipi yeye anakuja anamchomoa kwenye ndoana, unavuta juu kichwa kitupu.

Nilikaa pale nikimgeuza huku na huku kwa furaha ya kitoto. Nilikuwa nimesoma habari zake. Nilijua kwamba akiwa mdogo huvaa rangi na mwendo wa visamaki wapole wanaoogelea kwa makundi juu ya matumbawe, akajichanganya nao, na vile vidagaa vingine havimkimbii mpaka viwe vimeshaingia mdomoni. Nilijua kwamba anakua polepole na kuishi miaka mingi, huenda huyu alikuwa mkubwa kuliko mwanafunzi yeyote wa shule yetu. Na umri wake upo ndani ya kichwa. Nyuma ya ubongo ana vijiwe viwili vyeupe vya masikio. Ukikichukua kimoja ukakisugua mpaka kiwe chembamba, ukakiweka chini ya hadubini, unaona miduara kama ile ya gogo la mvinje lililokatwa. Watoto wa huku wanajua kuhesabu miduara ya gogo kabla hawajajua kuhesabu vidole. Hilo ndilo somo nililokuwa nimeliandaa: tumpasue kungu, tukitoe kijiwe, tumhesabie miaka yake mbele ya mkaguzi.

"Unawapelekea wakwe?" mjomba akauliza.

"Nampeleka darasani."

"Akafanye nini darasani?"

"Akapasuliwe."

Mjomba akanitazama kwa huruma. "Mpwa wangu," akasema, "kungu kama huyu Mungu hakumuumba apasuliwe na watoto wa shule."

Nilimcheka. Nilidhani ni maneno ya dalali.

Nikapanda naye milimani ndani ya boksi la barafu. Shuleni kwetu friza ipo moja, ya kantini, ya maji na barafu za kulamba, na ufunguo wake hukaa kwa mkuu wa shule. Nikamuomba, akanifungulia mwenyewe, tukatoa makatoni mawili ya maji ili samaki aenee. Nilimfunga kwa nailoni, nikambandika karatasi niliyoiandika kwa herufi kubwa: SAMPULI YA MAABARA. ASIGUSWE. Mkuu wa shule aliisoma karatasi ile. Nilimuona akiisoma. Akasema, "Vizuri sana, mwalimu," akafunga friza, akatia ufunguo mfukoni. Mkuu wetu ni mtu mzima, mpole, sauti yake haipandi, na anapokunyima kitu unatoka ofisini kwake ukidhani amekupa.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya ukaguzi. Nilikuwa na kipindi cha kwanza na cha pili. Mapumziko nikashuka kwenda kumtoa samaki kwenye friza ayeyuke, nikapita mlango wa jikoni, nikamkuta yuko kwenye besini juu ya meza, ameshafunguliwa nailoni, barafu inamtoka taratibu. Nikafurahi. Nikamwambia mama mpishi ahsante sana, umenisaidia kumyeyusha.

Mama mpishi akanitazama kama anayetazama mgonjwa. "Mkuu amesema apikwe," akasema. "Nazi imeletwa kutoka mjini. Lakini mimi, mwalimu, samaki mzima hivi sijawahi. Amesema utakuja wewe."

Sikumbuki nilivyofika ofisini. Nakumbuka tu kwamba sikubisha hodi. Mkuu wa shule alikuwa akipiga pasi shati lake juu ya meza ya karani, na hakushangaa kuniona.

"Mwalimu, kaa kwanza," akasema. "Mgeni amepiga simu asubuhi. Kuku anasema amemchosha, kila shule anayokwenda anapewa kuku. Nyama ya ng'ombe ameambiwa na daktari aache. Anakula samaki. Sasa mimi nikajiuliza, Lushoto nitampata wapi samaki saa hizi? Nikakumbuka. Nikasema Mungu ametutangulia."

"Mkuu, yule ni samaki wa maabara. Ndiye anakuja kukaguliwa."

"Ndiyo. Nimeisoma karatasi yako."

"Sasa watoto watapasua nini?"

"Watachora. Mwalimu, nisikilize. Mgeni akishiba macho yake yanakuwa mapole. Mimi nimepokea wakaguzi kabla wewe hujaanza kazi. Maabara haipimwi kwa samaki, inapimwa na mtu, na mtu huyo ana tumbo."

Nilibishana naye. Ninataka hili lijulikane: nilibisha, na kwa sauti, mpaka karani akatoka nje. Nilimwambia huo ni upumbavu, na neno hilo sijawahi kumwambia mkubwa wangu tena tangu siku ile. Yeye akaendelea kupiga pasi. Mwishoni tukapatana, au mimi nilidhani tumepatana: mwili apewe mgeni, kichwa kibaki kwa watoto. Kichwa kina meno, kina matamvua, kina vijiwe. Nikajiambia kwamba kichwa kinatosha. Hivyo ndivyo walivyonipata, kwa kunipa nusu ya haki yangu nikashukuru.

Nikaingia jikoni. Nikampara magamba, nikamkata kichwa, nikakiweka pembeni ndani ya besini lenye maji ya chumvi, nikakifunika kwa sinia. Ule mwili nikaukata vipande, nikavipaka ndimu. Nilikuwa nakuna nazi ya pili aliposimama mlangoni mwenyekiti wa bodi ya shule, mzee wa koti refu lenye harufu ya moshi. Nikasimama na mikono yangu yenye tui, nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za baridi, yote kwa utaratibu wake, hakuruka hata moja. Kisha akasema:

"Mwanangu, nimeambiwa mgeni atapewa samaki hana kichwa."

Nikamweleza habari za watoto. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza.

"Yote hayo ni kweli," akasema. "Lakini huku kwetu ukimchinjia mtu mnyama ukamnyima kichwa, umemwambia kuna mkubwa mwingine kuliko yeye aliyekula kabla yake. Akiuliza kichwa kiko wapi, tutamjibu nini? Tumewawekea watoto? Usitutie aibu, mwanangu. Nakuomba."

Mzee wa umri wa babu yangu akaniomba. Mkuu wa shule alijua anachokifanya alipomtuma yeye. Kumkatalia mkuu nilikuwa nimeweza. Kumkatalia mtu niliyetoka kumwamkia, aliyenyenyekea mbele ya mlango wa jiko, sikuweza. Nikafunua sinia. Nikakichukua kichwa kwa mikono miwili nikakitia chunguni. Mama mpishi alinitazama, akageuza uso wake upande wa kuni.

Dirisha la maabara linatazama jikoni. Nilipoinua kichwa niliwaona wote kumi na mmoja wamejipanga kwenye nondo, wamevaa aproni walizojishonea kwa mifuko ya unga, wamezifua zikawa nyeupe. Waliniangalia nikikoroga.

Chakula kilikuwa kizuri. Najua kupika kungu, nimefundishwa na mama yangu, na hata kwa hasira mkono wangu haukukosea chumvi. Mgeni alikuwa mtu wa makamo, suti ya Kaunda, mcheshi, si mtu mbaya hata kidogo, na hilo linaniudhi zaidi. Sinia lilipofunuliwa akapiga makofi.

"Huyu si kungu huyu!" akasema. "Jamani, kungu milimani!"

Kumbe naye ni mtu wa pwani. Akakivuta kichwa upande wake, akaanza kukichambua kwa vidole, shavu, ulimi, jicho moja, jicho la pili, huku akitusimulia. Alisema huyu ni mbabe wa miambani. Alisema anaiba samaki kwenye ndoana za wavuvi. Akaushika utaya akatuonyesha meno, "Tazameni, meno ya mbwa haya!" na mkuu wa shule akasema "Allah!" na mwenyekiti akainama kutazama, na mwalimu wa hisabati akainuka kabisa kitini. Somo langu lote lilifundishwa pale, mdomoni kumejaa, kwa watu wazima sita ambao hakuna hata mmoja wao atakayefanya mtihani. Kisha akakipasua kichwa kwa mkono, akafyonza, na kitu kigumu kikamgonga jino. Akakitema sahanini, kijiwe cheupe, akakisukuma pembeni pamoja na mifupa.

Nilikiona. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na jagi la maji ya kunawa. Ningeweza kunyoosha mkono.

"Nani kapika?" akauliza. Wakanionyesha. Nikapigiwa makofi.

Tulipoingia maabara watoto walikuwa wamesimama kwenye meza zao, kila kikundi na ubao wake, wembe mpya ndani ya karatasi yake, na sufuria la maji. Walimwamkia mgeni kwa pamoja. Akaitikia vizuri. Akafungua kabati, akatazama chupa, akaitikisa hadubini, akaandika. Akauliza kemikali ziko wapi, akaonyeshwa. Alikuwa akienda vizuri, nitasema haki yake. Kisha akatazama zile mbao tupu na zile nyembe.

"Sampuli mbichi ya kupasua iko wapi?"

Mkuu wa shule akanitazama. Mwenyekiti akatazama dari. Mimi nikasema, "Ilikuwepo."

"Ilikuwepo si ipo," akasema mgeni kwa upole. "Sasa hivi ipo au haipo?"

Ndipo yule msichana, aliyesimama meza ya mbele, akakunja mikono nyuma kama tunavyowafundisha wakizungumza na wakubwa, akapiga goti kidogo, akasema:

"Shikamoo, mzee. Sampuli yetu ni yule samaki mliyemla."

Hakuisema kwa jeuri. Ningependa kila mtu aliyekuwa mle aape kwamba haikuwa jeuri. Aliisema kama anayejibu swali, kwa sababu swali lilikuwa limeulizwa na hakuna mtu mzima aliyelijibu.

Mgeni alianza kutabasamu, tabasamu likakwama. Akamgeukia mkuu wa shule. "Anasemaje huyu?"

"Ni utoto tu," mkuu akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Wewe binti, nani amekufundisha kujibizana na wageni?"

Mtoto akanitazama mimi. Mkuu akayafuata macho yake.

"Ni wewe, mwalimu? Ni wewe uliyemfundisha hivi?"

Mikono yangu ilikuwa bado inanuka tui. Maneno yalikuwepo, yote, niliyokuwa nimemtupia ofisini asubuhi. Ilikuwa nafasi ya kusema: ndiyo, ni mimi, na asemalo ni kweli, samaki nilimleta mimi, nikampika mimi, mkuu kaamuru, mwenyekiti kaomba, na wewe mgeni umekitema kijiwe chake sahanini, twende nikakuonyeshe.

Nikasema, "Hapana."

Mgeni akafunga kalamu, akaifungua tena, akaandika neno moja kwenye mstari wa sampuli. Baadaye nililiona kwenye nakala ya ripoti. Aliandika "Hakuna." Aliyekula sampuli ndiye aliyeandika hakuna, kwa mkono uleule, na sina hakika kama aliona ajabu.

Maabara haikupita. Watoto kumi walihamishiwa sanaa, na leo nawafundisha baiolojia ya lazima kwa chaki, kandambili yangu imerudi ubaoni. Yule wa kumi na moja alipewa barua siku ileile, amlete mzazi kwa kosa la utovu wa adabu mbele ya mgeni. Mzazi hakuja, na mtoto hakurudi. Na mkuu wa shule, siku ripoti ilipofika, aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniambia mbele ya walimu wenzangu kwa sauti yake ileile laini, "Lakini mwalimu, unajua kupika." Wakacheka. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya vyoo mpaka kengele ikalia, kwa sababu ningebaki pale ningempiga mtu mzima.

Wiki ya tatu nikateremka bondeni. Ilikuwa msimu wa plamu, na baba yake msichana alikuwa chini ya miti anapanga matunda kwenye tenga kwa ajili ya soko. Nilimwamkia, maana ananizidi umri, akaniitikia, akanipa kigoda nikae. Binti yake alikuwa upande wa pili wa uwanja, anachagua yaliyopasuka. Alikuja, akaniamkia, akarudi kwenye kazi yake. Hakuwa amenuna. Afadhali angenuna.

"Nimekuja kukuambia kwamba mwanao hakusema uongo," nikamwambia baba yake.

"Hilo najua," akasema. "Mwanangu hasemi uongo. Hukuwa na haja ya kuteremka mlima wote huu kwa hilo."

Nikamwambia barua ile nitaizungumzia mimi mwenyewe kwa mkuu. Nikamwambia hata masomo ya sanaa yana faida. Nilikuwa naongea haraka, na yeye anaendelea kupanga plamu, akizigeuza moja moja upande uliokomaa utazame juu.

"Siku ile alipofika nyumbani nilimuuliza," akasema. "Nikamuuliza, mwalimu wako alikuwepo? Akasema alikuwepo. Nikamuuliza, alisemaje? Akanyamaza. Kesho yake nikamuuliza tena, akanyamaza. Huyu namjua, akinyamaza kuna mtu anamfichia. Sasa umekuja mwenyewe. Ulisemaje?"

Binti aliacha kuchagua. Hakuinua uso, lakini mikono yake ilitulia ndani ya besini.

"Mkuu aliniuliza kama ni mimi niliyemfundisha kusema vile," nikamwambia. "Nikasema hapana."

Mzee akatingisha kichwa taratibu. Hakukasirika. Hasira zote za habari hii ni zangu mimi, yeye hakuwa nazo hata kidogo.

"Basi ulisema kweli," akasema. "Kusema vile tulimfundisha sisi, hapa. Sasa niambie wewe, mwalimu, maana mimi sikusoma. Kule juu anafuata nini?"

Alimwita binti yake aniletee maji. Akaniletea kwenye kikombe, akapiga magoti kunipa, kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akifanya kabla ya yote haya. Nikayanywa yote. Kisha nikamrudishia kikombe.